Msusi na Mzee wa Jino

Saluni nzima ilimwita Kimya, na jina lilimkaa vizuri kuliko gauni lolote alilowahi kushonewa. Alikuwa msusi wa kiti cha mwisho, kile cha karibu na mlango wa uani, na wateja walimgombania kwa sababu moja tu: haongei. Msusi wa kiti cha kwanza, ambaye ndiye mwenye saluni, alikuwa fundi hodari, lakini alikuwa na maoni. Ukikaa kwake na shida ya mume, uliondoka na nywele nzuri na mipango ya kutafuta mume mwingine. Kimya yeye alikupa mikono tu. Ungeweza kumsimulia nusu ya maisha yako naye akaitika "mh" na "ee" na "pole", mpaka ukajikuta unamsimulia na ile nusu uliyoapa kwenda nayo kaburini.

Mwenye saluni alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Mume mwenyewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kupiga simu zaidi kuliko kuonekana, kwa hiyo hatutamsumbua sana humu.

Sasa, wateja wale walikosea jambo moja. Walidhani mtu asiyeongea hasikii pia. Kimya alikuwa anasikia mpaka basi. Kila Jumamosi asubuhi redio ya mji ilisoma hadithi iliyotungwa na mtu aliyejiita Binti Pazia, na saluni yote ilisimamisha kazi kuisikiliza, huku Binti Pazia mwenyewe amesimama pale pale kiti cha mwisho, vidole vimezama kwenye nywele za mtu, akijifanya anatafuta mba. Siri hiyo aliijua mumewe peke yake, na alikuwa hodari wa kuitunza kwa sababu hadithi zenyewe hakuwahi kuzisikiliza.

Mali yake nyingi aliichuma chini ya draya, lile likofia likubwa la kukaushia nywele. Mtu akiwekwa chini ya draya hasikii kitu ila upepo, na mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe huamini kwamba ananong'ona. Basi anamwinamia shoga yake wa kiti cha pili na kumnong'oneza kwa sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto: "USIMWAMBIE MTU, LAKINI..." Na mtaa mzima, kuanzia muuza mkaa mpaka fundi viatu wa upande wa pili wa barabara, unaacha kazi ili usiambiwe vizuri.

Tatizo la Kimya lilikuwa mikono. Ilikuwa na mafuta tangu asubuhi, na sentensi nzuri haisubiri mtu anawe. Kwa hiyo ikidondoka tu, alikuwa akisema "samahani kidogo," anakwenda chooni uani, anafunga mlango kwa komeo na kuisema sentensi ile kwenye simu ikiwa bado ya moto. Siku ambazo mji ulikuwa na mambo, alikwenda na kurudi mpaka watu wakamhurumia. Mteja mmoja alimletea majani ya kuchemsha, akaapa kwamba yalimponya kibofu mama yake. Mwingine alimpapasa tumbo na kumpongeza. Wifi yake alimpigia marufuku chai ya asubuhi. Kimya akaitika "mh," akanywa maji, akaenda chooni.

Lakini alikuwa na kanuni, na kanuni hiyo hakuivunja hata siku moja: mtu asijulikane. Mume alimgeuza kaka. Gari aliligeuza ng'ombe. Mwanamke mmoja aliyetupa viatu vya mumewe kisimani alisikia redioni habari ya dada aliyetupa gitaa la kaka yake baharini, akacheka mpaka akashika mbavu. "Jamani, kuna wanawake wakatili dunia hii!" alisema, naye Kimya akaendelea kumsuka. Hakuna aliyewahi kujitambua. Kila mtu alimtambua jirani yake.

Mkasa wenyewe ulianza na karani wa benki, mwanamke nadhifu ambaye kazini husema kwa upole hata akikunyima. Siku hiyo aliwekwa rola za kukunjia nywele, akaingizwa chini ya draya, na upole ukabaki nje.

"MAMA MKWE AMEKUJA KUTIBIWA MACHO!" alimnong'oneza mwenzake. "MWEZI WA TATU HUU! NA MACHO YENYEWE YANAONA MPAKA VUMBI LA JUU YA KABATI LANGU!"

"KWANI DAKTARI ANASEMAJE?" mwenzake naye akanong'ona, maana naye alikuwa chini ya draya.

"DAKTARI GANI? HAJAKANYAGA KWA DAKTARI! KWAKE HAKUNA UMEME, ANANGOJA TAMTHILIA YA RUNINGA IISHE!"

"Samahani kidogo," Kimya akasema.

Wiki ile akaketi kugeuza. Mama mkwe akawa mzee wa kiume aliyefiwa na mkewe, anayeishi kwa binti yake. Macho yakawa jino. Tamthilia ya runinga ilimtesa kidogo, kwa sababu ni kitu gani kingine kinachoweza kumng'ang'aniza mzee mjini? Akampa mwanamke. Mwanamke huyo alipaswa awe mtu wa kukaa mlangoni kutwa, mzee apate kupita na kupita tena, kwa hiyo akamfanya fundi cherehani. Na mzee ataingia vipi humo bila aibu? Hapo Kimya akapata wazo ambalo hakulisikia kwa mtu yeyote, akalionea fahari sana: mzee anachukua wembe, anakata kifungo cha shati lake mwenyewe, anakipeleka kikashonwe. Kesho yake anakata kingine.

Jumamosi hiyo saluni ilikaribia kufa kwa kicheko. Karani wa benki ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. "Wazee wengine hawana haya!" alisema. Na wifi, kitana mkononi, akafuta machozi kwa kiganja. "Huyu Binti Pazia anasema kweli kabisa," alisema. "Mtu anayeona mbali kama huyu angefaa kuwa mbunge."

Kimya alirudi nyumbani akiwa na furaha yake ya siri. Mlangoni akamkuta baba mkwe wake amesimama wima, redio kwapani. Mzee huyu alikuwa mkuu wa zimamoto, akastaafu, na hata sasa alisimama kama mtu anayekagua mpira wa maji. Alihamia nyumbani kwa Kimya baada ya mkewe kufariki, kwa sababu goti lilikuwa likimsumbua na hakutaka kuishi peke yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa."

Hakuwahi kumwambia akae. Kimya akakaa.

"Nani amekwambia habari ya vifungo?"

"Vifungo gani, baba?"

"Mwanangu, usinizungushe. Ukuta wa chumba changu na chako ni wa mbao. Binti Pazia namjua tangu alipoanza. Kila jioni unapomsoma kwa sauti, mimi niko upande wa pili, nasikia mpaka unapokosea. Sikusema neno, kwa sababu anapendeza. Lakini leo umenivua nguo hadharani."

Kimya akapigwa na butwaa. Mwanamke aliyekula jasho la masikio yake miaka yote hiyo, kumbe na yeye alikuwa anasikilizwa. Kabla hajalimeza hilo, la pili likamfikia. Nyumba ya pembeni kweli alikuwako mama mmoja fundi cherehani. Na yale mashati ya mzee. Alikuwa amewalaumu watengenezaji wa mashati, akailaumu sabuni, akalilaumu hata beseni, mwezi mzima vifungo vikitoweka mbele ya pua yake. Masikio aliyoyafungua kazini alikuwa akiyafunga pamoja na saluni, na nyumbani alipakua chakula huku akili iko kwa watu wa redioni.

"Baba, haki ya Mungu sikujua. Nimetunga tu."

"Kutunga gani huko! Mpaka wembe umeutaja!" Mzee akaketi, akanyoosha goti. Sauti ikashuka. "Hata hivyo nakushukuru. Goti umeligeuza jino. Ulifikiria heshima yangu."

Kimya akaitika "mh," kama yuko saluni.

"Sasa niambie," mzee akasogeza kiti. "Jumamosi ijayo anampata?"

"Nani, baba?"

"Mzee wa jino! Yule mama anampata au hampati?"

"Bado sijajua."

"Basi jua, mwanangu. Haraka."

Na hapo ndipo alipomwaga yote. Mama yule wa cherehani alikuwa tayari, tena alikuwa amechoka kushona vifungo na alitaka kuposwa kama watu. Waliosalia kuambiwa ni watoto. Mwana hakuwa na shida, angesema "sawa baba" kwenye simu na kuendelea kuendesha. Shida ilikuwa binti. Saluni yake aliipa jina la marehemu mama yake, na picha ya mama ilikuwa juu ya kioo kikubwa, akiifuta vumbi kila asubuhi kabla hata hajavaa aproni. Shangazi mmoja alipothubutu kusema kwamba kaka yake anahitaji mwenzake wa kuzungumza naye, alitolewa saluni na rola kichwani, akapita sokoni hivyo hivyo.

"Kwangu haambiliki," mzee alisema, akimaanisha binti. "Lakini Binti Pazia anamsikiliza kama mhubiri. Mfanye yule binti wa redioni akubali, na wangu atafuata. Akigundua kabla hajalainika, mimi nimekwisha. Sitamwoa yule mama kama binti yangu atanigeuzia uso."

Hakusema "na wewe pia umekwisha," lakini Kimya alilisikia. Kiti kile cha mwisho kilikuwa cha wifi. Akijulikana kuwa ndiye aliyewachekesha watu kwa baba wa mwenye saluni, ndani ya saluni yenyewe, chini ya picha ya mama, angesukia wapi tena?

Akakubali, na kwa wiki hiyo akateseka. Kila alipomfungulia mdomo binti wa redioni ili akubali, binti aliongea kama mgeni rasmi: "Baba, ni furaha yangu kubwa siku hii ya leo..." Akafuta. Akajaribu tena, binti akaongea kama tangazo la sabuni. Kisha Kimya akagundua kilichomsibu, akaona aibu peke yake jikoni. Maneno ya watu hajawahi kuyatunga. Ameyaokota tu. Na chini ya zile draya, pamoja na waume na wakwe na mashoga wote waliowahi kumwagwa pale, hakuna binti hata mmoja aliyewahi kunong'ona kwamba baba yake anaoa na yeye ameridhika.

Siku iliyofuata, katikati ya kazi, akafanya jambo ambalo halijawahi kuonekana.

"Hivi," alisema kwa sauti, "mzee aliyefiwa akitaka kuoa tena, binti yake anamwambiaje?"

Kitana kikaanguka. Mteja wake akageuka kumtazama kama mtu aliyesikia kiti kikiongea.

"Kimya kaongea!"

"Ni kile kibofu," mwingine akasema kwa huruma. "Kimepanda kichwani."

Lakini swali lilikuwa tamu, na wakaliparamia. Mmoja alisema angehama nyumba. Mwingine alisema angemwachia Mungu, kisha akaeleza kwa kirefu mambo ambayo hangemwachia Mungu. Karani wa benki alisema yule mzee wa redioni ang'olewe meno yote arudishwe kwao. Maneno yalikuwa mengi, na hakuna hata moja la kutia mdomoni mwa binti. Aliyenyamaza ni wifi. Alikuwa anasuka, akasuka mpaka mwisho, hakutoa oni hata moja, na wale wanaomjua walidhani anaumwa.

Baadaye wawili hao walikuwa uani wakianika mataulo, na saluni ilikuwa imetulia.

"Wifi," mwenye saluni akasema, bila kumtazama. "Yule mzee wa jino. Binti yake anajua?"

"Mimi nitajuaje, wifi? Redioni hawajasema."

"Hajui. Ndicho kinachoniudhi. Sikiliza: mji mzima unajua, wanacheka, mpaka wauza mkaa wanajua, yeye peke yake hajui. Yuko mahali anamtafutia baba yake dawa ya jino." Akalipiga taulo hewani, likalia pwaa. "Mimi ningekuwa yeye, huyo mwanamke wala asingenisumbua. Angenisumbua baba. Kwa nini hakuniambia mimi kwanza?"

Kimya akashika kibanio mkononi, hakukibana.

"Mama alipofariki," wifi akaendelea, "baba hakuniambia. Najua alishindwa, simlaumu. Lakini nilikuwa natoka sokoni na mboga zangu mkononi, jirani akanisimamisha njiani akanipa pole. Nikamuuliza, pole ya nini? Tangu siku hiyo sitaki tena kusikia jambo la kwetu kutoka mdomoni mwa watu. Baba aje aseme hata kwa kigugumizi. Mimi nitamsikia."

Akaokota beseni, akaingia ndani.

Katika maisha yake yote ya uandishi Kimya hakuwahi kupewa maneno kama yale. Mlango wa choo ulikuwa pale pale, wazi, na simu ilikuwa mfukoni. Akautazama mlango, kisha akaendelea kuanika mataulo. Machozi yalimtoka, hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na sabuni.

Jioni hiyo alimkuta baba mkwe akimngoja na kiti ameshakivuta.

"Ameshakubali?"

"Baba, mwisho wa hadithi hii mimi siuandiki. Nenda kamwambie mwenyewe."

Mzee aliyeingia kwenye majengo yanayowaka moto akarudi nyuma hatua moja. "Mimi? Nitaanzia wapi? Nimwambie nini? Basi niandikie, nitakariri."

"Siandiki. Sema yako, hata yakiwa mabovu. Na uende kabla hadithi haijasomwa, baba. Asisikie redioni kabla yako."

"Eti hata yakiwa mabovu," mzee akanung'unika. "Umeshaanza kunisemea vibaya." Lakini usingizi haukumjia, na Kimya alijua, kwa sababu safari hii yeye ndiye aliyekuwa upande wa pili wa ukuta.

Mzee alikuja saluni Jumamosi asubuhi, saa mbaya kuliko zote: viti vimejaa, rola zimejaa, watu wamekaa mpaka kizingitini wakingoja Binti Pazia. Alikuwa amevaa koti la kazini la zamani, lile la vifungo vya shaba, vyote vikiwapo. Wifi alipoona uso wake, kitana kikamganda hewani.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mwanangu. Nina neno. Mimi na wewe."

Wakatazama huku na huku. Palikuwa na mahali pamoja tu penye mlango wa kufunga, nako ni chooni uani. Mkuu wa zimamoto mstaafu akamtangulia binti yake kuingia, akajikwaa kwenye ndoo, na komeo likasikika.

Hapo ndipo Kimya alipoujua mtaa wake. Redioni muziki wa kipindi ulishaanza, ule ule waliokuwa wakiungoja wiki nzima, na karani wa benki, rola kichwani, akanyoosha mkono akaizima redio! Draya zikazimwa moja moja na waliokuwa chini yake. Wanawake wazima, wenye nyumba zao na heshima zao, wakanyanyuka kwa vidole vya miguu na kusogea kwenye mlango wa uani, shingo mbele, pumzi wamezishika. Sauti ya mzee ikasikika kwa mbali: "Mwanangu, kuna mama mmoja..."

Kimya naye alikuwa amesogea. Sikio lilishaelekea lenyewe, lilikuwa limezoea. Kisha akarudi nyuma, akaifungua redio mpaka mwisho. Mtangazaji alikuwa anawaomba radhi wasikilizaji kwamba wiki hii Binti Pazia ana dharura ya kifamilia, hadithi haipo, lakini hakuna aliyemsikia, kwa sababu Kimya alikuwa ameshafika kwenye draya, akaiwasha ya kwanza, akaiwasha ya pili, akaziwasha zote kwa nguvu yake ya mwisho, na saluni ikanguruma kama uwanja wa ndege.

"WEWE! UNATUHARIBIA!" karani akapiga kelele.

"KAENI!" Kimya akapiga kelele zaidi. "KAENI CHINI NYOTE! HAYAWAHUSU!"

Wakakaa. Nadhani ni mshtuko. Naye akasimama mbele ya mlango ule, mikono kiunoni, kwenye kelele ambazo hazikumruhusu hata yeye kusikia neno, akingoja kiti chake na baba mkwe wake na kila kitu kiamuliwe nyuma ya mgongo wake. Alitamani sana kusikia. Ni lazima niseme hivyo, kwa sababu alitamani vibaya mno.

Mlango ukafunguliwa. Wifi akatoka wa kwanza, macho mekundu, akapita katikati ya watu bila kumtazama mtu. Akazima draya zote, akaizima na redio. Akamwinua mteja aliyekuwa kiti cha kwanza, nusu kichwa kimesukwa, akamsogeza kando kama mtu anavyosogeza meza. Akatandika taulo safi.

"Kaa hapa, baba," akasema. "Huwezi kwenda kumposa mtu na kichwa hicho."

Mzee akakaa. Akamtupia Kimya jicho la mtu aliyemwaga siri, akajikuna goti.

Wifi akamfunga taulo shingoni, akamwinamisha kichwa, akakitazama kwa muda mrefu kama anakiona leo. Kisha, bado hajageuka, akanyoosha mkono nyuma.

"Binti Pazia," akasema, "nipe mkasi."

Vichwa vyote vikamgeukia Kimya. Halafu, mmoja mmoja, walianza kukumbuka. Ungeweza kuwaona wakirudi nyuma wiki kwa wiki, draya kwa draya. Karani wa benki alishika rola zake kwa mikono miwili. "Mama mkwe," alisema polepole. "Macho. Jino." Yule wa viatu vya kisimani alitafuta mkoba wake.

Kimya hakuwatazama. Alichukua mkasi mezani, akaupangusa kwenye aproni, akauweka kwenye kiganja cha wifi yake. Akataka kuomba msamaha, akaanza, "Wifi, mimi..."

"Shika taulo hapo," wifi akamkatiza. "Nywele zisimwingie."

Basi akashika taulo, kwa mikono miwili, karibu kabisa, na nywele nyeupe za mzee zikaanza kudondoka juu ya vidole vyao.